Heri Kiti Kikiwa Wazi

Washairi wetu wamelisifu jahazi, wamemsifu bibi harusi, mnazi wameusifu mpaka makuti yake. Kikao cha mashabiki wanaoitafutia timu yao kocha mpya hakijapata wa kukisemea. Kinatukanwa tu. Wake zetu wanasema kinatuchelewesha nyumbani. Viongozi wa klabu wanasema kinawapa presha. Wachambuzi wa redioni, wanaolipwa kwa kufanya hicho hicho tunachokifanya bure, wanasema kimejaa watu wasioujua mpira. Leo nimeona nikisafishie jina, maana nimekaa humo tangu sina mvi, na mpaka naandika haya kinanidai vikombe 14 vya kahawa.

Chetu kiko Magomeni, chini ya mwarobaini, kati ya kinyozi na mama ntilie. Mali zake ni mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa, birika lililopinda mdomo na ndoo ya kusuuzia vikombe. Benchi la upande wa kinyozi ni la Simba, la upande wa mama ntilie ni la Yanga. Sisi tuna kivuli, wenzetu wana harufu ya maandazi. Mwenyekiti hatuna. Katibu ni mzee wa kahawa, kwa kuwa ndiye pekee mwenye daftari na kalamu. Na kabla sijafika mbali niitaje sifa moja ambayo peke yake ingetosha: sijui kikao kingine nchini ambacho hakina posho na bado watu wanakuja. Hakuna bahasha, hakuna nauli, hakuna soda na sambusa za saa nne. Mjumbe anajilipia kahawa, anajinunulia bando la kuperuzi wasifu wa makocha, na akidi inatimia kila jioni. Mvua ikinyesha tunahamia kwa kinyozi. Halmashauri gani imewahi kufika hapo?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Asiyetujua hudhani shabiki anafurahi timu ikitwaa ubingwa. Ubingwa ni raha ya siku mbili; ya tatu umeshaanza kuhesabu nani ataondoka. Raha yenyewe iko katika zile siku za katikati, kocha mmoja ameshapewa "Thank You" yake kwenye ukurasa wa klabu na mwingine hajashuka uwanja wa ndege. Siku hizo timu yetu haifungiki. Kocha ambaye hajaja hajapoteza mechi hata moja. Hajawahi kumtoa mshambuliaji dakika ya 60 tukiwa tunatafuta bao. Hajawahi kumpanga beki wa kulia acheze kiungo, halafu akatuambia alikuwa anajaribu kitu. Ni kama mchumba wa kuletewa picha: picha haikoromi.

Ndiyo maana nazishukuru klabu mbili za Kariakoo, ile ya Jangwani ya mwaka 1935 na yetu ya Msimbazi ya 1936. Watu wanazilaumu kwamba hazina subira. Mimi nauita ukarimu. Yanga walimmwaga Miguel Gamondi Novemba 2024, kisa amefungwa mechi mbili mfululizo, na Azam kisha na Tabora United. Akaja Sead Ramović na mpira wa gusa, achia, twende kwao. Februari 2025 akagusa, akaachia, akaenda zake Belouizdad. Akaja Miloud Hamdi, akabeba ubingwa wa ligi, akaaga. Akaja Romain Folz, akatufunga sisi 1-0 kwenye Ngao ya Jamii mwezi Septemba. Oktoba akafungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, akafungashiwa virago. Akaja Pedro Gonçalves. Watu watano kwenye kiti kimoja, na mwaka haujatimia! Hata siti ya dirishani ya daladala ya Gongo la Mboto haibadilishi abiria kwa kasi hiyo. Na kila abiria aliyeshuka alituachia jioni kadhaa za mjadala. Gamondi mwenyewe alikabidhiwa Taifa Stars mwaka uliofuata, akaivusha hadi hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake. Benchi la maandazi lilishangilia kwa sauti kubwa, kisha likanyamaza kidogo, likiwa linakumbuka ni nani aliyesema "huyu Muargentina hatufai".

Lakini anayestahili sanamu pale kijiweni ni Zlatko Krmpotić. Alitua Yanga mwaka 2020, akaongoza mechi tano za ligi, akashinda nne, akatoa sare moja. Ya tano aliifunga Coastal Union 3-0, na baada ya hapo akaonyeshwa mlango. Mtu wa kawaida ataona huo ni wazimu. Mimi naona watu waliofika mbali kifikra: matokeo kwao yameshakuwa jambo dogo. Kumfukuza anayefungwa hakuhitaji akili, hata Ulaya wanaweza. Kumwondoa aliyetoka kushinda 3-0 kunataka watu waliotulia wakafikiri.

Tena huyo Krmpotić alitusomesha. Mswahili hana ugomvi na jina la mtu, mradi lina irabu za kushikia. Hili linaanza na k, r, m na p, zimejipanga foleni bila irabu hata moja katikati. Mzee wa kahawa alilitazama gazetini, akakohoa kidogo, akasema, "Kirimupotichi," akaliandika hivyo hivyo kwenye daftari, na kijiwe kizima kikalipokea. Kwetu jina la kocha likishaingia kwenye daftari ni la kudumu, hata kama mwenyewe hadumu. Wengine tunawabatiza kabisa: Patrick Aussems alikuwa Uchebe, Hans van der Pluijm alikuwa Babu, Nasreddine Nabi alikuwa Profesa, na Juma Mgunda wa Tanga ni Guardiola Mnene, jina ambalo nadhani Guardiola mwembamba angelionea fahari.

Hayo ya kusoma hayaishii kwenye majina. Yule kijana wetu wa bodaboda jiografia ilimshinda kidato cha pili. Leo anajua kwamba Belouizdad ni mtaa wa Algiers, kwamba Gaborone hakuna bahari, kwamba Stellenbosch ni mji wa mashamba ya zabibu. Anajua tofauti ya leseni ya CAF A na ya UEFA Pro, na hakuna jina linalopita mbele yake bila kuulizwa, "Huyo ana leseni gani?" Yeye mwenyewe leseni ya pikipiki hana, na kila akiona trafiki anapita njia ya uani. Sioni kasoro hapo. Anayejua uchungu wa kukosa leseni ndiye hasa wa kuikagua ya mwenzake.

Niwaonyeshe kikao kikiwa kazini. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1, kocha wetu akiwa Robertinho. Sina haja ya kuieleza mechi. Walioiona wameiona na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Usiku ule benchi letu lilikaa kama wafiwa, la pili linanyoosha kiganja kizima, vidole vitano, kwa kila gari linalopita. Kinyozi, Simba wa damu, alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. Mteja alikuwa Yanga, na ulimi haukumtulia.

"Robertinho msimwache aende," akasema kwenye kioo. "Sisi tunampenda."

Mashine ikazimwa.

"Kaka, malizia kichwa."

"Kichwa kitasubiri. Kwanza tujue nani anakuja."

Mwalimu mstaafu, ambaye hukaa mwisho wa benchi letu na fimbo yake, akainua mkono kama yuko darasani. "Tusikurupuke. Mtu ana miezi kumi tu. Mpeni muda."

"Mwalimu, shikamoo," akasema kijana wa bodaboda, "lakini muda wa nini? Tusubiri zifike sita?"

"Marahaba. Sita tuliwafunga sisi, 1977, baba yako hajaoa. Kaa chini."

Akakaa, akasimama tena. Majina yakaanza kumwagika. Mmoja anamtaka Uchebe arudi. Mwingine anamtaka Nabi, akaambiwa Profesa yuko Rabat na hashuki bei. Mwingine anataka Mreno yeyote. Nilipomuuliza kwa nini Mreno, akasema Wareno wanavaa vizuri, na nikikumbuka tulivyovaa sisi usiku ule naona alikuwa na hoja. Hapo ndipo yule kijana aliposema neno lililomfanya mtu mkubwa: "Mchukueni yule Mwarabu wa USM Alger, aliyewanyima hawa kombe."

Tukamcheka wote, mabenchi yote mawili. Abdelhak Benchikha ndiye aliyekuwa na USM Alger kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei na Juni za mwaka ule. Yanga walifungwa 2-1 hapa Dar, wakaenda kushinda 1-0 kwao, wakalikosa kombe kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Mteja wa kinyozi aliposikia jina hilo akasimama na shuka yake shingoni, akasema sisi ni watu wabaya, akalipa nusu ya bei na kuondoka saa nne ya usiku amejifunika kofia ya kuazima.

Robertinho hakuifikisha Ijumaa. Kabla Novemba haijaisha, Simba wakamtangaza kocha mpya: Abdelhak Benchikha.

Tangu siku ile kijana wa bodaboda anajiita mkurugenzi wa ufundi, na ukimkodi kwenda Kariakoo anakuongezea mia tano ya ushauri. Benchikha aliondoka Aprili iliyofuata, ndiyo, lakini hilo halimhusu mkurugenzi. Sisi tunachagua. Kutunza si idara yetu.

Na naamini viongozi wa Msimbazi wanatusikiliza kuliko wanavyokiri, maana kanuni ile ya kijana, ya kuchukua kocha tuliyemwona uwanjani, wameigeuza mila. Septemba 2025 Fadlu Davids alipotuacha akaenda Raja, tulikuwa na mechi na Gaborone United ya Botswana, tukawatoa kwenye Ligi ya Mabingwa. Oktoba tukamchukua kocha wao, Dimitar Pantev. Naye hakuufunga mwaka. Desemba akatangazwa Steve Barker wa Stellenbosch, timu ambayo Aprili ya mwaka huo huo tuliitoa kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Familia nyingine zikitaka kuposa zinaulizia tabia kwa majirani. Sisi tunaposa tuliyepigana naye. Angalau tunajua anavyolia.

Kuna chama kimoja kikaoni ambacho nikikisifu mzaha unanikwama kooni: chama cha mzawa. Kina wajumbe wachache, wengi wao wazee, na hoja yao haijabadilika. Mwaka 2022 Zoran Maki alipoondoka Simba, nyumba ikiwa inaungua, aliitwa Mgunda kutoka Coastal Union. Akazima moto, akaipeleka timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, moto tena, Mgunda tena, akaumaliza msimu, na msimu mpya ukaanza na Fadlu. Selemani Matola naye amewakalia makocha wangapi pembeni, na mara nyingine kiti kikibaki wazi yeye ndiye wa kukikalia mpaka mwenyewe apatikane. Mwalimu mstaafu husema, "Zimamoto halali kwenye nyumba anayoiokoa." Halafu kikao kinarudi kwa Wareno. Hata mimi hurudi. Nimempigia Mgunda makofi kuliko kocha yeyote wa miaka hii, na sijawahi hata jioni moja kuanza na jina lake lilipoulizwa swali la kazi ya kudumu. Sijui ni kwa nini, na kila ninapotaka kujibu hufika kahawa.

Wapo wanaosema tungeelekeza nguvu hizi kwenye mambo ya maana. Mambo ya maana gani? Diwani tunamchagua mara moja kwa miaka mitano, na jina lake tunalisahau kabla ya wino kukauka kidoleni. Kocha tunamchagua kila siku, tunajua mke wake anaishi nchi gani, anapenda mfumo upi, aligombana na kipa gani huko alikotoka. Aidha, hatujibagui kwa mipaka. Tangu Ferguson astaafu mwaka 2013, benchi lile lile la Magomeni limeichagulia Manchester United makocha wasiopungua 30, bure, na barua ya shukrani hatujapata.

Mama ntilie ndiye mpinzani wetu wa kudumu. Hashabikii upande wowote. Hupita na beseni lake, anasimama, anatusikiliza tukiwa tumefika kwenye mshahara wa kocha, dola elfu ngapi kwa mwezi, tunakubaliana kuongeza elfu tano ili asitukimbie. Jioni moja alituambia, "Baba zangu, mnamwongezea mtu dola, na sahani za juzi hamjalipa." Mabenchi yote mawili yakainama kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Sunderland iitwe Simba mwaka 1971. Nani mwingine ametuunganisha hivyo?

Sasa lile daftari. Nilidhani kwa miaka mingi kwamba mzee wa kahawa anaandika madeni kwa tarehe kama wauza duka wengine. Siku moja nilipokwenda kupunguza langu akanifungulia, nikaona juu ya kila ukurasa hakuna tarehe wala mwezi. Pameandikwa Uchebe. Ukurasa wa mbele, Sveni. Kisha Gomezi, Pabulo, Zorani, Mgunda, Robatinyo, Benchika, Mgunda tena, Fadilu, Pantevu. Wa Yanga wana daftari lao, ambalo limekuwa nene zaidi siku hizi. Chini ya kila jina ni sisi na vikombe vyetu. "Tarehe nazisahau," akaniambia. "Kocha simsahau." Nikaupitia ukurasa wa Uchebe nikajikuta nakumbuka kila kitu: mwanangu wa pili alizaliwa humo, akasimama dede kwa Sven. Bati la jikoni niliezeka wakati wa Pablo Franco. Wengine huuliza historia kwa wanahistoria.

Usiku alipotangazwa Barker, Desemba, tulichelewa kutawanyika. Ule ukimya wa kiti kuzibwa ulikuwa umeshaingia. Kijana wa bodaboda alikuwa na mtu wake mwingine kabisa moyoni na alikaa amenuna. Kinyozi alishafunga. Mwalimu akasema tumpe muda, na safari hii hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kubishania isipokuwa mpira wenyewe, na ligi ilikuwa haijarudi. Mzee wa kahawa akamwaga machicha, akasuuza vikombe, akalamba kidole, akafungua ukurasa mweupe. Juu akaandika kwa herufi kubwa: STIVU. Akaipigia mstari kwa kutumia ukingo wa kisanduku cha kashata.

Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Vile 14 vya Pantevu nimekuachia huko huko," akasema. "Kwa huyu unaanza na vingapi?"